Mume Wangu Apumzishwe Kuanguka

Kwa Mwenyekiti,
Jukwaa la Walioanguka na Kuinuka,
Ghorofa ya Tatu, ukumbi wenye kiyoyozi.

YAH: OMBI LA KUMPUMZISHA MUME WANGU KUANGUKA

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na kama umeanguka siku za karibuni, natumaini umeshainuka na kupigiwa makofi. Sisi huku ni wazima, isipokuwa haya ninayokuandikia.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Karakana yangu iko nyuma ya duka la vifaa vya umeme, mlango wa bluu, cherehani nne. Wapo mafundi watatu, nami wa nne. Wewe na mimi hatujaonana, lakini mume wangu unamfahamu vizuri kuliko ninavyopenda. Ni yule mrefu mwenye miwani aliyepanda jukwaani kwenu mara tano mwaka huu kusimulia alivyofilisika. Nyumbani tunamwita Mwanzilishi, kwa sababu ya kuanzisha tumeyaona, ya kumaliza bado tunasubiri.

Ili usidhani natia chumvi, naomba nikukumbushe historia yake. Kwanza ilikuwa Kampuni ya Viti vya Foleni. Alinunua viti arobaini vya kukunja, akawa anawakodishia watu waliosimama kwenye foleni za benki na za kulipia maji. Tatizo ni kwamba mtu aliyekaa husahau kusogea. Waliosimama wakawa wanawapita waliokaa, ugomvi ukazuka, na katika ugomvi huo viti vikaondoka na wenye nguvu. Mpaka leo nikienda harusini au msibani kwa watu naviona viti vyetu, vina alama ya rangi nyekundu chini. Nakaa, nanyamaza.

Ya pili ilikuwa Huduma ya Kuamsha Watu: unalipa kidogo, mtu anakuja asubuhi kukugongea mlango ili usichelewe kazini. Aliajiri wagongaji sita, wote watu waliokuwa wakitafuta kazi, na sababu ya kutafuta kazi ni kwamba walikotoka walifukuzwa kwa kuchelewa. Ya tatu ilikuwa Mwavuli wa Wawili, ambapo watu wasiojuana wanajifunika mwavuli mmoja mvua ikinyesha na kugawana gharama. Hiyo ilikufa msimu wa kwanza, ila ilizaa ndoa mbili, na hatukualikwa hata moja.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kwamba mmeifanya hasara kuwa kazi ya mume wangu.

Siku viti vilipoisha, Ndugu Mwenyekiti, alilia. Alijifungia bafuni akafungua bomba ili tusisikie, na mimi nikakaa nje ya mlango juu ya ndoo niliyoipindua, mpaka alipotoka. Nilimwonea huruma mpaka moyo ukauma. Kesho yake aliamka akasema atakwenda kuomba kazi ya udereva kwenye kampuni ya mikate, kazi ambayo angeiweza sana, maana hakuna kichochoro cha mji huu asichokijua. Kesho kutwa yake ukafika mwaliko wenu.

Alipanda jukwaani na karatasi moja mkononi, akashuka na marafiki mia mbili. Yule bwana mwekezaji mwenye tai ya njano akamshika bega mbele ya watu wote na kumwambia, "Ukianguka tena, mtu wa kwanza kumpigia simu niwe mimi." Maneno hayo mume wangu ameyaandika kwa kalamu nene na kuyabandika juu ya kioo anachonyolea ndevu. Mikate haijatajwa tena. Kampuni ya pili ilipokufa hakulia. Ya tatu alianza kuiandikia hotuba ya maziko ikiwa bado ina wateja.

2. Kwamba mlimpa tuzo.

Tuzo ya Anguko la Mwaka ni ngazi ya kioo iliyovunjika kipandio kimoja, na nakiri imetengenezwa kwa ustadi. Lakini tangu iingie nyumbani, mama mkwe wangu hashikiki. Mwanawe mwingine ni daktari wa mifugo, ana kazi, ana gari, na hatajwi kabisa. Anayetajwa ni huyu. Mama hupita nyumba kwa nyumba akisema mwanawe ameanguka mpaka redioni. Nilipomweleza kwa adabu zote kwamba kuanguka ni kuanguka tu, aliniambia nina wivu kwa sababu mimi sijawahi kufika popote. Nilikuwa namshonea kifungo cha gauni lake wakati ananiambia hivyo. Nilikishona vizuri vilevile.

3. Kwamba katika masimulizi yake kwenu, mimi simo.

Najua kwa sababu mazoezi anayafanyia karakanani kwangu, mchana kweupe, mbele ya lile sanamu la kuvalishia nguo. Sanamu amelifunga tai ya njano. Akifika katikati ya hotuba husimama, huvuta pumzi, na kusema alikuwa peke yake, bila msaada wa mtu yeyote, yeye na ndoto yake. Wakati huo mimi niko hatua mbili kutoka hapo, nimeinamia cherehani, nashona sketi zilizoilipia ndoto hiyo kodi ya nyumba, umeme na nauli. Mafundi wangu hukohoa akifika sehemu hiyo. Siombi nitajwe. Naomba tu "peke yangu" ipunguzwe kidogo, iwe "karibu peke yangu".

4. Kwamba fomu yenu inamwadhibu asiyeanguka.

Mwaka jana niliomba mtaji kwenye Mfuko wenu ili ninunue cherehani ya kudarizi nembo za shule, maana kwa sasa nembo tunapeleka kudarizi kwa watu. Fomu ina kurasa kumi na moja. Swali la faida lina alama tano. Swali linalosema "Eleza jinsi ulivyoanguka" lina alama arobaini. Nilikaa nalo jioni nzima nikikuna kichwa. Nimeshona miaka kumi na mmoja na sijafunga karakana hata wiki moja, isipokuwa nilipojifungua, na hata hapo nilikuwa nakata vitambaa kitandani.

Mwisho nikaandika jambo pekee nililokuwa nalo. Mwaka wa pili wa kazi, kwa haraka ya shule kufunguliwa, nilishona kaptula mia mbili na mifuko yake yote nikaishona mdomo, ikawa haiingii hata kidole. Nilizipeleka hivyohivyo. Mwalimu mkuu akazigeuzageuza, akaniuliza kama nimekusudia, kisha akaagiza mia mbili nyingine za namna ileile, kwa sababu wanafunzi hawakuwa tena na mahali pa kuficha manati.

Jibu lenu lilifika baada ya miezi miwili. Lilisema hilo ni kosa dogo na wala si anguko, na kwamba biashara yangu "ina afya njema lakini haina simulizi". Niliisoma sentensi hiyo nikiwa na pini mdomoni, na nusura nizimeze.

5. Kwamba ugonjwa umetoka nyumbani kwangu na kuingia mtaani.

Binti yetu wa darasa la tano alirudi na alama kumi na saba za hesabu kati ya mia. Baba yake alisimama akampigia makofi, na ripoti akaitia kwenye fremu. Mwalimu aliniita shuleni kunieleza kuwa mtoto ameliambia darasa zima kwamba hesabu hazijamshinda, yeye ndiye amebadilisha mwelekeo. Darasa hilo sasa lina watoto kumi na wanne waliobadilisha mwelekeo.

Kinyozi wa jirani naye, baada ya kumsikiliza Mwanzilishi Jumapili moja tu, alibandika karatasi mlangoni kuwa amejifunza mengi katika unyozi na sasa anahamia ufugaji wa nyuki. Aliibandika mteja akiwa bado kwenye kiti. Mteja mwenyewe ni karani wa mahakama, na alikwenda kazini siku mbili na nywele za upande mmoja, maana kila kinyozi mwingine alidai hawezi kumalizia kazi ya mtu. Nyuki mpaka leo hawajafika. Mwenye bucha, kila akiniona, ananiuliza ni anguko la ukubwa gani ambalo mtu akilipata anaweza kualikwa.

6. Kwamba sasa mnaitaka karakana yangu.

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu, na hayo matano ya juu ningeweza kuyameza.

Mwezi uliopita bwana mwenye tai ya njano alimwita mume wangu pembeni akamweleza kuwa maanguko yake matatu ni mazuri ila ni madogo. Hayana wafanyakazi. Hayana mitambo. Hayana wateja wa miaka mingi wa kushangaa. Akasema ukumbi umekua, na mwaka ujao watu watataka kuona kitu kizito kikianguka. Mume wangu aliniletea habari hiyo akiwa amesimama mlangoni mwa karakana. Kisha nikamwona anahesabu cherehani kwa kidole.

Wiki hiyohiyo alibuni Sare Inayokua. Ni gauni la shule ambalo ndani yake vimekunjwa vitambaa vya ziada, na kila mwaka mzazi anavuta kamba ili nguo iongezeke, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Aliishona mwenyewe ya mfano, kwa mara ya kwanza maishani mwake kugusa sindano, na binti yetu akaivaa Jumanne. Kamba ilinasa kwenye geti la shule. Mtoto aliingia mstarini saa moja na nusu akiwa amevaa gauni la mwanamke mzima, linaburuta chini, na mlinzi akamwamkia.

Mfuko wenu umeipokea Sare Inayokua kwa furaha kubwa. Nimeusoma mkataba wote, kurasa ishirini na mbili, kwa miwani ya Fundi Mkuu wangu. Unasema karakana, cherehani, jina na wateja wangu wahamishiwe kampuni mpya ambayo mume wangu ni mwanzilishi na mimi ni "mshauri wa nyuzi". Unasema tuache oda za shule zote tulizonazo ili tusigawanye mawazo. Unasema mpaka mwakani tuwe na cherehani mia moja. Na ukurasa wa kumi na nne unasema, nanukuu: "Mradi ukifanikiwa, ni vyema. Usipofanikiwa, ni vyema zaidi." Natakiwa nisaini kabla ya Ijumaa.

Ndugu Mwenyekiti, naogopa. Nasema wazi kwa sababu sioni sababu ya kuficha. Fundi Mkuu amesomesha watoto wanne kwa cherehani ya dirishani, na mguu wake wa kulia umeshazoea kanyagio hilo hata akiketi kanisani unaenda. Wawili wengine niliwafundisha mwenyewe tangu hawajui kutia uzi kwenye tundu. Karakana hii inatulisha sote, akiwemo Mwanzilishi, ambaye husema ndoto haimshibishi mtu kisha akaongeza sahani. Ikianguka, wao hawataalikwa popote kuongea. Watakwenda nyumbani tu.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima kubwa yafuatayo:

(a) Jina la karakana yangu lifutwe kwenye makaratasi yenu yote, pamoja na lile bango la karakana yangu mlilolibandika ngazini kwenu, ghorofa ya pili, ambalo tayari limeandikwa "Hivi Karibuni".

(b) Mume wangu asialikwe tena jukwaani, si kwa barua, si kwa simu, wala kwa kumkonyeza.

(c) Apewe Cheti cha Kustaafu Kuanguka, chenye mhuri. Mhuri ni muhimu, maana mume wangu akiona mhuri husimama wima.

(d) Kama kustaafu ghafla kutamwathiri afya, basi apewe kibali cha maanguko madogo madogo ya nyumbani, yasiyozidi mawili kwa mwezi: kuunguza chai, kupanda stuli mbovu, na mengineyo ya kiwango hicho. Makofi tutampigia wenyewe.

(e) Bwana mwenye tai ya njano aje akae kwetu miezi mitatu, aanguke yeye mwenyewe, kwa mali yake mwenyewe, mbele ya mkewe mwenyewe. Godoro lipo. Akimaliza tutamsikiliza kwa makini sana.

Niwie radhi kwa urefu wa barua. Mimi si mtu wa maneno mengi, ila maji yamenifika shingoni na kalamu ilikuwa karibu. Wasalimie wote ukumbini: yule dada anayewavisha wageni vitambulisho shingoni, fundi wa vipaza sauti ambaye mume wangu anamsifu sana, na wazee wawili wanaokuja kila mara kwa ajili ya maji ya chupa. Msalimie hata mwenye tai.

Wako niliyesimama wima,

Mshonaji wa Mlango wa Bluu.

NYONGEZA:

Ndugu Mwenyekiti, barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua tena kwa mvuke wa pasi, kwa hiyo usishangae bahasha ikiwa na mikunjo.

Fundi Mkuu ndiye aliyekuwa aipeleke posta. Akataka kujua imebeba nini, nikawasomea wote watatu. Kwenye karani wa mahakama walicheka mpaka tukazima cherehani. Nilipofika kwenye ombi la (b), la mume wangu kutoalikwa tena, Fundi Mkuu akavua miwani akaniuliza, "Sasa mama, wakiacha kumwalika, mchana atakuwa anashinda wapi?"

Kila mmoja wetu aliitazama karakana, ambayo ni ndogo. Tukakumbuka ile wiki aliyokuwa kwenu siku nne mfululizo, jinsi tulivyomaliza sweta zote na bado tukapata muda wa kupiga pasi.

Tukiwa katika hali hiyo, Mwanzilishi akaingia na mkataba na kalamu mpya. Nikamwambia, "Sisaini."

Akaniuliza, "Hata ukurasa mmoja?"

"Hata herufi moja. Karakana hii huipati, mume wangu. Leo wala kesho."

Aliketi juu ya jora la kitambaa cha kijivu. Nilimwogopea, maana ni mume wangu na nampenda, na sikujua moyo wake utaangukia wapi. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo nimeshindwa."

Nikamjibu kuwa ndiyo, ameshindwa. Akauliza kama ameshindwa mbele ya wafanyakazi. Fundi Mkuu akathibitisha kuwa wao ni wafanyakazi na wameona. Akauliza kama mitambo ilikuwepo. Nikamwonyesha mitambo, yote minne. Hapo, Ndugu Mwenyekiti, uso wake ulianza kung'aa taratibu, akachomoa daftari mfukoni, akaniomba nirudie neno "sisaini" kwa sauti ileile ili alinukuu sawasawa. Sasa hivi yuko mbele ya sanamu. Kwa mara ya kwanza, nami nimo. Mimi ndiye niliyemwangusha.

Kwa sababu hiyo naomba uyapuuze malalamiko namba moja hadi sita na maombi yote isipokuwa la (a), ambalo nalisisitiza. Ili kulinda afya ya kila mtu, mume wangu aalikwe mara nyingi iwezekanavyo. Anguko hili ndilo kubwa kuliko yote aliyowahi kupata: lina wafanyakazi, lina mitambo, lina wateja wa miaka kumi na mmoja, na hakuna kilichovunjika. Mpangieni saa mbili nzima siku ya ufunguzi, na nyingine siku ya kufunga. Kukiwa na semina za mikoani, yuko tayari, na begi lake nimeshalipanga.

Makofi yakiisha, tafadhali msimharakishe kurudi. Shule zinafunguliwa Jumatatu na bado tuna sketi mia tatu za kukunja pindo.